Uzito wa Mama Mkwe

Tulipoachana wiki iliyopita nilikuwa nimesimama katikati ya barabara, injini inanguruma, na mkononi nimeshika meno ya mama mkwe.

Kwa uliyekosa, nakupa kwa kifupi. Mimi ni msambaza mikate. Nina pikipiki, nina mchumba, na mchumba ana mama aliyefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini na minne. Nilijitolea kumpeleka kwenye mkutano wa walimu wastaafu. Tulipofika kwenye tuta la karibu na tangi la maji nikabana breki, shokapu za mbele zikazama mpaka chini, zikagonga gaa! Meno yake ya juu, ya bandia, yakaruka juu ya bega langu na kutua mapajani mwangu.

Niliyafuta kwa shati. Nikamrudishia kwa mikono miwili, na heshima zote. Akanipa mgongo, akayavaa, kisha akanigeukia.

"Jumamosi," akasema, "utanipitisha tena kwenye tuta hili hili. Meno yakibaki mdomoni, tutapanga tarehe ya harusi. Yakitoka, usinitajie tena habari za mwanangu."

Akamalizia safari kwa miguu.

Basi kilichobaki kati yangu na ndoa ni shokapu mbili. Jumatatu, mikate ilipokwisha tu, nikaenda kwa fundi.

Fundi wangu tunamwita Daktari, kwa sababu haongelei spea, anaongelea wagonjwa. Injini kwake ni mzee. Tairi ni kijana. Mnyororo anauita shangazi, maana usipopakwa mafuta unalalamika mtaa mzima. Mimi nilikuwa nachekacheka tu. Laiti ningejua, ningemfundisha sarufi siku ile ile.

Akafungua shokapu, akamwaga oili kwenye beseni. Ilitoka ya kijivu, inanuka samaki aliyesahaulika.

"Hii oili mara ya mwisho umebadilisha lini?" akaniuliza.

"Kwani inabadilishwa?"

Daktari akaweka spana chini. 

Nakiri hapa mbele yenu kwamba kuna siku niliiongezea mabaki ya oili ya injini. Yalikuwa yamebaki kwenye kopo na sikupenda yaharibike bure.

Akachomoa springi, akailaza kando ya rula. "Kitabu kinasema akipungua chini ya sentimita thelathini na saba, hafai. Huyu ana thelathini na tano. Bibi kachoka, kaka."

"Si uweke tu oili nzito? Ile namba ishirini. Itanibeba."

"Oili haibebi mtu. Anayebeba ni springi. Oili inamtuliza tu asirukeruke. Ukiweka nzito utazama polepole, lakini chini utafika. Na kila kokoto utalisikia kwenye viwiko."

Akanieleza kwamba springi mpya ziko za aina tatu: laini, wastani na ngumu. Zinachaguliwa kwa uzito wa wanaokaa juu ya pikipiki.

"Wewe kilo ngapi?"

"Sabini na nane."

Nilijibu upesi, nikiangalia pembeni. Daktari akanitupia jicho tumboni. Akaandika kwenye daftari lake.

Wasomaji wangu, sabini na nane nilikuwa nazo kweli. Mwaka niliponunua pikipiki. Halafu nikapata kazi ya mikate, na mkate uliobonyea hauuzwi, na mimi kutupa chakula siwezi.

"Na mama mkwe?"

"Mama hapimwi."

"Sasa nitajuaje? Mkitembea kawaida, abiria anabebwa zaidi na shokapu za nyuma. Ila ukibana breki, wote wawili mnahamia mbele. Nikikosea hapo, umekosa mke."

Jumanne nikamwendea mchumba wangu. Yeye ni mpima ardhi.

"Unapima viwanja vya watu kila siku," nikamwambia. "Hata uzito wa mama yako huujui?"

"Viwanja havijawahi kunichapa," akanijibu. "Muulize mwenyewe, mdomo unao."

Jumatano nikajaribu kuzunguka mbuyu. Nilimkuta mama anaanua nguo.

"Mama, siku hizi ukienda zahanati wanakupima nini na nini?"

"Kwa nini? Kwani unanionaje?"

"Nakuona vizuri tu, mama."

"Vizuri kwa kulinganisha na nini?"

Nikaaga, nikasema mikate inaungua. Mimi sioki mikate, nasambaza. Naye anajua.

Alhamisi ndipo maji yalipozidi unga. Nilikuwa nyumbani kwao, wamenikaribisha chakula, nikatoka kwenda kunawa mikono. Simu nikaiacha mezani, kioo kikitazama juu. Niliporudi nilimkuta mama mkwe kavaa miwani ya kusomea na simu yangu iko mbele yake kama daftari la mwanafunzi aliyefeli.

"Iliwaka yenyewe," akasema. "Sijaigusa. Lakini macho yangu hayajui kupita maandishi bila kuyasoma."

Akasoma, kwa sauti ya imla, akitua kwenye kila mkato:

"'Bibi kachoka kabisa, mgongo umepinda, hawezi kubeba tena. Kesho namtoa, namtupa kwa jirani wa vyuma chakavu. Binti keshafika, mzuri sana, Jumamosi namwingiza. Uzito wa mama mkwe umeupata? Usimuulize, mkadirie kwa macho.'"

Akavua miwani.

"Mama," nikasema, "ni springi za pikipiki."

"Springi iko ngeli gani?"

Nikatazama mlango wa jikoni.

"Nimeuliza, ngeli gani?"

"I-ZI, mama."

"Tunga sentensi."

"Springi... imechoka."

"Imechoka. Vizuri. Hapa imeandikwa 'kachoka'. Kachoka ni ngeli gani?"

"A-WA, mama."

"Ya viumbe hai. Sasa niambie, humu ndani kiumbe gani amechoka, anastahili kutupwa kwa vyuma chakavu?"

Huko jikoni nilisikia kifuniko cha sufuria kikianguka, kisha kicheko cha mtu aliyejiziba mdomo kwa kitambaa. Mchumba wangu huyo. Badala ya kuja kuniokoa, anafaidi.

"Fundi ndivyo anavyozungumza, mama. Kwake kila spea ni mtu."

"Na huyu binti mzuri naye ni spea?"

"Spea kabisa, mama. Mpya, bado yuko kwenye... bado iko kwenye boksi."

"Umeona?" akasema. "Hata wewe umeteleza."

Nilitamani sakafu ipasuke. Mama mkwe akanisukumia simu yangu kwa kidole kimoja.

"Jumamosi, kabla sijapanda hicho chombo, nitakwenda huko gereji. Nataka huyo bibi nimwone kwa macho yangu. Nisipomkuta, wewe na fundi wako mtanitambua."

Chakula kilikuwa kitamu, nadhani. Sikumbuki nilikula nini.

Jumamosi asubuhi tuliongozana. Mama mbele, mkoba kwapani. Mchumba nyuma yake, ametulia kuliko kawaida yake. Mimi mwisho, najiombea.

"Shikamoo, mama," Daktari akasema, akijifuta mikono.

"Marahaba. Bibi yuko wapi?"

Mtu mwingine angeshtuka. Daktari alikwenda kwenye rafu kama ameulizwa kitu cha kila siku, akarudi na springi mbili zilizofungwa kwenye gazeti.

"Huyu hapa, mama. Na pacha wake. Nilikuwa nimtupe jana, nikasema acha kwanza mwenyewe amuage kwa heshima."

"Na binti?"

Akaleta springi mpya, akaisimamisha mezani bega kwa bega na ile ya zamani. Ya zamani ilikuwa fupi kwa zaidi ya vidole viwili, na imepinda kidogo, kama mgongo kweli.

Mama mkwe akaishika. Akaibonyeza kwa kiganja. Akacheka, kicheko cha chini chini ambacho sikuwahi kukisikia kwake tangu tufahamiane.

"Kumbe kweli kachoka," akasema.

Kachoka! Mwalimu mzima, kwa mdomo wake! Nikamkonyeza mchumba wangu. Nikajua nimeokoka.

Nilishangilia mapema mno.

"Na huyu binti amechaguliwaje?" mama akauliza.

"Kwa uzito, mama," Daktari akasema. "Wa kijana aliniambia. Wa kwako nimekisia."

"Ukisie kwa nini na mimi nipo?" Akanigeukia. "Ulidhani ukiniuliza nitazimia?"

"Nilikuwa nakuheshimu, mama."

"Heshima ya namna hiyo ingeniangusha meno mara ya pili."

Mlango wa pili kutoka gereji kuna mnunuzi wa vyuma chakavu, ana mizani kubwa ya kupimia injini mbovu na mageti. Mama akaingia humo bila kubisha. Akanipa mkoba nimshikie, akapanda kwenye mizani, akasimama wima kama yuko mstarini.

"Sitini na moja," mwenye mizani akatangaza.

"Sitini na moja," mama akarudia, kwa sauti ya kusikika nje. "Ni siri gani hapo? Haya, na wewe panda."

"Mimi uzito wangu nilishautoa, mama."

"Panda."

Nikavua viatu. Nikavua mkanda. Nikatoa funguo, simu, na kalamu moja ya mfukoni.

"Ukifika kwenye shati uniambie nigeuke," mama akasema.

Nikapanda. Mwenye mizani akaanza kusogeza kile kijiwe chake. Akakisogeza. Akakisogeza tena. Nilikuwa natazama dari.

"Tisini na saba."

"Fundi," mama akaita, "kwenye daftari lako imeandikwa ngapi?"

Daktari akafunua ukurasa taratibu, kama mtu asiyetaka kuufikia. "Sabini na nane, mama."

"Kumi na tisa zimezidi," mchumba wangu akasema. Kazi ya upimaji imemharibu, hesabu zinamtoka zenyewe.

Mama mkwe akashusha miwani yake puani. "Wiki nzima unanizunguka mimi. Unauliza zahanati, unamuuliza mwanangu, unanikadiria kwa macho. Kumbe mwenye uzito wa kuficha ni wewe."

Niliona aibu, tena ile aibu ya kweli inayochoma masikio, kwa sababu alikuwa amesema ukweli mtupu.

"Binti huyu angezama kwenye tuta," akaendelea. "Mimi ningetema meno barabarani, na wewe ungemlaumu fundi. Mtu anayedanganya kilo, mwanangu atamwambia kitu gani cha kweli?"

"Nimekosa, mama. Siku ya kwanza kuonana na mwanao nilimwambia sabini na nane. Baadaye nikashindwa kurudi nyuma."

"Miaka miwili?" mchumba akauliza.

"Miwili."

"Na mimi nilidhani unapenda nguo za kubana," akasema.

Mwenye mizani akacheka hadi akakaa juu ya geti. Daktari naye akacheka. Mama mkwe alibana midomo, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

"Fundi," akasema alipotulia, "kwa kilo hizi za kweli, huyu binti anafaa?"

"Hafai, mama. Hapa anatakiwa kaka yake, yule mgumu."

"Yupo?"

"Yupo dukani kwa mwenzangu, mtaa wa nyuma. Tunabadilishana sasa hivi."

"Na oili?"

"Namba kumi na tano badala ya kumi. Springi ngumu akibonyezwa anarudi kwa nguvu, anataka wa kumtuliza."

Mama akafikiri. "Kwa hiyo springi ni darasa, oili ni mwalimu."

Daktari akasimama na spana mkononi. "Mama, miaka ishirini natafuta namna ya kuwaeleza wateja. Miaka ishirini!"

Kazi ikaanza. Mimi nilipewa kushika beseni, na oili chafu iliyobaki ikanimwagikia kifuani. Mchumba wangu ndiye aliyekuwa fundi wa pili. Alitoa rula yake ya chuma mkobani.

"Kutoka mdomo wa bomba hadi oili ilipofika, inatakiwa ngapi?"

"Sentimita kumi na nne."

"Kushoto kumi na nne kamili. Kulia kumi na nne na milimita tatu."

"Milimita tatu si kitu, dada."

"Kwangu mimi milimita tatu ni kesi."

Daktari akaongeza oili kwa bomba la sindano, tone kwa tone, mpaka dada akaridhika. Kaka mgumu akaingia, vifuniko vikafungwa, gurudumu likarudi. Nikakalia pikipiki, nikaibonyeza. Ilishuka kidogo, ikanipokea, ikanirudisha juu bila haraka. Nilipata hamu ya kuikumbatia.

Mama mkwe akapanda nyuma.

"Usiende taratibu kuliko siku ile," akaniambia sikioni. "Mtihani uwe ule ule."

Tukaondoka. Tangi la maji likatokea. Tuta likatokea. Nikabana breki kama siku ile, nikafumba jicho moja.

Mbele ikashuka kiasi, ikakataa kwenda zaidi. Tairi likapanda tuta, likashuka. Hapakuwa na gaa. Hapakuwa na kishindo chochote.

Wala hapakuwa na sauti nyuma yangu.

"Mama?"

Kimya.

"Mama!" Nikatazama mapajani. Nikatazama barabarani.

"Endesha," akasema hatimaye. "Nilikuwa nayahesabu kwa ulimi. Yote yapo."

Halafu akaniambia nigeuze tupite tena. Tulipita mara nne. Mara ya nne alikuwa ameachia mkono mmoja.

Tulirudi gereji mama anacheka wazi wazi. Akashuka, akafungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu. Ukutani kwa Daktari kuna kalenda ya kampuni ya matairi, akasimama mbele yake.

"Neno langu ni neno," akasema. "Meno yamebaki. Ila za kilo sijazisahau. Nikikukamata na uongo mwingine, hata wa gramu moja, tarehe naifuta kwa kalamu hii hii. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama. Naapa."

"Haya. Mwezi wa kumi na mbili, mwanzoni..."

"Mama, usiandike."

Alikuwa mchumba wangu. Tabasamu limemtoka usoni.

"Barua ilikuja jana," akasema. "Ile kazi niliyoomba, ya kupima barabara mpya, nimeipata. Ni mbali, siku mbili za safari. Miaka miwili. Wanataka niondoke Jumanne alfajiri."

Nilikaa juu ya tairi lililokuwa karibu. Nilikuwa nimeshinda, halafu ghafla sikuelewa nimeshinda nini.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilitaka kwanza nisikie mama atasema nini. Angekataa, ningeondoka kimya kimya. Sikutaka uumie mara mbili."

Mama mkwe akamtazama binti yake. Akanitazama mimi. Kisha akampa mwanawe kalamu.

"Andika wewe," akasema. "Harusi ni yako."

Mchumba wangu akafunua kalenda karatasi moja moja mpaka Desemba. Baada ya Desemba kulikuwa na ukuta. Akakaa akiutazama ule ukuta. Kisha akazirudisha karatasi zote, akafika kwenye mwezi huu, kwenye wiki inayoanza kesho, akaweka ncha ya kalamu juu ya Jumatatu.

Akaizungushia duara.

"Ofisi ya ndoa inafunguliwa saa mbili asubuhi," akasema. "Mashahidi wawili wako hapa."

Daktari akaanza kujifuta mikono upya, haraka haraka.

Mchumba wangu akanitazama kuanzia kichwani, akashuka mpaka kifuani, kwenye ile oili.

"Una shati jeupe?"

Mama mkwe akageuka kusikiliza jibu.

"Ninalo," nikasema.

Sinalo.